Mbwa Akifa Nyumbani, Mwingine Aje Lini?

Juma hili naijibu barua ya mama mmoja, mke wa koplo, aishiye katika kambi moja ya upande wa magharibi. Anaandika kwamba mbwa wao aliyekaa nao miaka sita amekufa, kwamba watoto wake wawili wanakataa chakula, na kwamba mumewe amekwisha kumwagiza rafiki yake awaletee mtoto wa mbwa Jumamosi ijayo ili kilio kiishe. Anauliza: Je, wampokee, ama wangoje?

Mama, ngojeni. Sisemi hivyo kwa kuwa nimesoma sana, bali kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kukosea katika jambo hili hili, na kosa langu lilininyima usingizi kwa muda mrefu.

Sisi tulikuwa na mbwa aliyeitwa Watasema. Wasomaji wengi watatabasamu, maana wanaijua desturi ya kumpa mbwa jina ambalo kwa kweli ni ujumbe kwa jirani. Jirani mwenyewe aliyekusudiwa alikwisha kuhamishwa zamani, jina likabaki. Alikuwa mbwa wa kienyeji, mwenye rangi ya udongo mwekundu na sikio moja lililokatika ncha. Aliwalinda watoto wangu tangu yule wa kwanza alipoanza kutambaa. Siku moja akaacha kula. Siku ya pili akalala kivulini, fizi zake nyeupe kama karatasi. Nikadhani ni joto tu. Siku ya nne, alfajiri, nilimkuta amekufa mlangoni pa jiko.

Siku zile baba watoto alikuwa akijitayarisha kwenda Somalia, ambako wanajeshi wa Uganda walianza kupelekwa mwaka 2007. Sikutaka kuongeza kilio juu ya kilio. Nikamzika Watasema kabla watoto hawajaamka, na binti yangu wa miaka mitano aliponiuliza mbwa yuko wapi, nikamjibu kwa upole kwamba amesafiri.

Juma la pili yake baba yake akasimama mlangoni na begi lake, akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, mimi ninasafiri."

Kilio kile sitakieleza. Baada ya hapo, usiku kwa usiku, mtoto aliamka akaenda kuketi mlangoni pa jiko, akiwangoja wote wawili. Baba yake alipopiga simu, alikataa kuzungumza naye. Alisema huyo aliye ndani ya simu si baba. Ndipo nilipotambua nililolitenda. Katika nyumba ya askari neno "kusafiri" ni neno ambalo watoto huliegemea mwaka mzima, nami nilikuwa nimelitia uongo kwa ajili ya kukwepa machozi ya asubuhi moja.

Nikamchukua hadi nyuma ya mwembe, nikamwonyesha kaburi. Nikamwambia: Watasema alikufa. Mwili wake uliacha kufanya kazi. Hasikii maumivu, wala hatarudi. Baba hakufa. Baba yuko kazini, na kazi yake ina mwisho. Alilia, kisha akaniuliza kama ni mimi niliyemficha. Nikakiri. Akaokota mawe, akayapanga kuzunguka kaburi. Usiku ule aliamka mara moja tu.

Kwa hiyo, mama, kabla ya kuulizia mtoto wa mbwa, hakikisheni kwamba watoto wamekwisha kuambiwa kweli kwa maneno mepesi. Msiseme amelala, wasije wakaogopa kitanda. Wala msiseme amesafiri. Mtoto aliye chini ya miaka sita aghalabu hafahamu kwamba kifo ni cha kudumu, naye atauliza swali lile lile kesho na kesho kutwa. Mjibuni kila mara, bila kumkaripia. Mbwa mpya akiletwa katikati ya maswali hayo, atalinganishwa na marehemu kwa kila jambo, na kila mara ataonekana amepungukiwa. Tena asipewe jina la yule wa kwanza. Mwanangu mkubwa alitaka hivyo, nikamkatalia. Maana jina likirudi, mtoto mdogo ataamini kwamba mbwa naye amerudi.

Sasa nije kwenye jambo la pili, ambalo akina baba hulipuuza: huyo wa kwanza aliuawa na nini? Rafiki wa mumeo aweza kuleta mtoto wa mbwa mzuri ajabu, akafa kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu kilichomuua wa kwanza kingali kinamngoja.

Watasema alikufa kwa homa ya kupe. Daktari wa mifugo wa wilaya alinieleza baadaye, nilipomsimulia zile fizi nyeupe, na nikaona haya, kwa maana kupe nilikuwa nimewaona masikioni mwake, nikasema nitawatoa Jumapili. Kuna kupe wa rangi ya kahawia ambaye hupenda kuishi pale pale alalapo mbwa. Jike lake likishiba damu hushuka, hujificha katika nyufa za ukuta, na kutaga mayai kwa maelfu. Kupe mzima aweza kukaa miezi mingi bila kula. Kwa hiyo kibanda kitupu si kibanda safi. Tulichoma matandiko yote ya Watasema, tukakwangua nyufa na kuziba kwa udongo na saruji, tukanyunyiza dawa ya kupe kama daktari alivyoelekeza, na baada ya majuma kadhaa tukarudia tena. Hapa nina onyo: wapo wanaochukua dawa ya kuogeshea ng'ombe na kuipima kwa macho. Dawa hiyo hiyo ikizidi kipimo humuua mbwa, na watoto nao hucheza pale pale.

Ikiwa aliyekufa alikuwa mdogo, akatapika na kuharisha damu yenye harufu kali, yaelekea ni ugonjwa wa pavo. Wazee wetu waliofuga mbwa zamani hawakuujua, kwani ulitambuliwa ulimwenguni mwaka 1978 tu. Virusi vyake ni vigumu kufa: hukaa katika udongo miezi mingi, hata mwaka na zaidi, na sabuni peke yake haiviondoi. Sakafu ya saruji ioshwe kwanza, kisha ipakwe dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, na kuachwa dakika kumi kabla ya kusuuzwa. Ua wa udongo hauoshiki. Nyumba kama hiyo isilete mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo zake. Ni heri ilete mbwa mkubwa aliyekwisha kuchanjwa.

La tatu linatisha zaidi. Kama mbwa wenu alibadilika tabia kabla ya kufa, akawa mkali au akazubaa, akatokwa na mate mengi, akashindwa kumeza, wacheni habari za mbwa mpya. Waendeni hospitali leo hii, wote walioumwa, waliokwaruzwa, au walioguswa na mate yake penye jeraha, na mwambieni daktari wa mifugo pia. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikisha kuonekana kwa mwanadamu, karibu hakuna aponaye. Lakini chanjo ikiwahi huzuia. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, ndipo safari ya hospitali ianze. Na mtoto wa mbwa naye aweza kuwa na ugonjwa huo. Udogo wake usiwadanganye.

Mama, barua yako haisemi mbwa wenu alikufaje. Ndiyo sababu ya pili ya kukuambia ngojeni.

Baada ya kungoja, mumtafute wapi? Hapa nitasema neno ambalo huenda halitawapendeza baadhi ya wasomaji. Kambi zetu zina mbwa wengi wasio na mwenyewe, nao hawakuanguka kutoka mbinguni. Amri ya uhamisho hufika, lori hupakiwa vitanda, masufuria na kuku, na mbwa hukimbia nyuma ya lori mpaka langoni. Kisha hurudi na kulala barazani pa nyumba iliyofungwa.

Mbwa wetu wa sasa tulimpata hivyo. Alikuwa jike mzima, mwenye umri wa miaka mitatu hivi, aliyeachwa na jamaa ya sajini mmoja. Siku tisa hakutoka kwenye baraza ile. Binti yangu alianza kumpelekea posho iliyochanganywa na mukene kila jioni saa kumi na moja. Nilimpigia mwenye mbwa simu, kwa kuwa si vema kuchukua mali ya mtu hata kama ameitupa. Akajibu kwa aibu kwamba lori halikuwa na nafasi, na kwamba tukimtunza atashukuru. Jina lake la zamani nikasahau kuliuliza. Binti yangu akamwita Ngoja, kwa sababu, alisema, ndiyo kazi aliyomkuta akiifanya.

Wengi huogopa mbwa mkubwa wakidhani hatazoea. Huzoea. Huko Gulu, Francis Okello Oloya, ambaye alipofuka akiwa na umri wa miaka 12 kwa mlipuko wa bomu lililofukiwa ardhini, alianzisha mradi wa kuwapa mbwa watu walioumizwa mioyo na vita vya kaskazini. Mbwa hao wengi wao waliokotwa, wala hawakuwa na mafunzo yoyote. Huchanjwa kwanza na kufungwa uzazi, kisha mtu na mbwa wake hujifunza pamoja. Mtu aliyeshindwa kulala kwa miaka mingi ameweza kulala kwa sababu kuna mwenzake aliye macho mlangoni. Wasomaji waliokuwa vitani watalielewa hilo kuliko mimi.

Lakini mkishika shauri la kuchukua mtoto wa mbwa, asiachishwe mama yake kabla ya majuma manane, na mwende mkamwone mama mwenyewe. Mama mkali kupita kiasi au mwenye woga mwingi aghalabu huzaa wanaofanana naye. Tazameni macho yawe maangavu, fizi ziwe za waridi, tumbo lisiwe limevimba kama ngoma, maana hiyo ni dalili ya minyoo. Dawa ya minyoo apewe mapema, kwani minyoo ya mbwa yaweza kuwaingia watoto wanaochezea udongo. Chanjo ya kichaa hutolewa afikishapo miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kadi yake itunzwe pamoja na kadi za kliniki za watoto. Kabla ya yote, mwulizeni mkuu wa kambi kama idhini inahitajika.

Ulizeni pia majirani. Kambini tunaishi watu wa dini mbalimbali ukuta kwa ukuta, na kwa ndugu zetu Waislamu mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa kulinda hawamkatazi, ila si haki avuke kwao na kutia ulimi katika mtungi wa maji au kupita juu ya mkeka wa sala. Jirani yangu wa kushoto, mama mwenye heshima zake, aliniambia hivyo kwa upole, nasi tukajenga uzio wa mianzi kwa siku moja. Tangu hapo hatujawa na neno.

Ngoja alipoingia kwetu, juma la kwanza tulimfunga usiku kwa kamba ndefu, asirudi kwenye baraza lake. Chakula chake alipewa kwa zamu na kila mmoja wetu, ili atambue kwamba nyumba ina watu wangapi. Watoto waliagizwa wasimguse akila, wasimkumbatie usoni, wasimwamshe kwa kumshtua. Juma la pili alianza kutikisa mkia. Juma la nne alimbwekea mgeni kwa mara ya kwanza, nami nikajua kwamba sasa nyumba ameihesabu kuwa yake.

Tulisahau jambo moja tu. Katika watu aliowatambua, mmoja hakuwapo. Baba watoto alirudi kutoka Somalia usiku, saa tatu, bila kutuarifu, akitaka kutufurahisha. Akalikuta lango limezibwa na mbwa asiyemjua, meno nje. Akasimama gizani na begi lake, akiita jina langu kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie. Kabla sijavaa kandambili, binti yangu alikwisha kutoka na gauni lake la kulalia. Akamshika Ngoja ukosi, akamwambia, "Huyu ni Baba. Yeye alisafiri."

Mbwa akanusa begi, akanusa viatu, akapisha njia. Lakini kwa siku nne baada ya hapo, kila baba alipotaka kutoka usiku kwenda msalani, ilimbidi amwamshe binti yake amsindikize.