Waheshimiwa wa Fizi, mtaanza na nini?

Kikao cha bajeti bungeni Kinshasa hufunguliwa tarehe 15 Septemba na kufungwa 15 Desemba. Miezi mitatu tu. Waheshimiwa tuliowachagua Fizi, mtaanza na nini? Ugomvi wa viti tena? Mama aliyekimbia vita, anayelala kwa jamaa hapa Baraka, hapikii watoto ugomvi huo. Mkataba wa Kampala wa 2009 unadai sheria ya kulinda wakimbizi wa ndani: shamba aliloliacha nani amrudishie, mtoto aliyepoteza karatasi apate nyingine wapi. Anzeni hapo. Halafu barabara ya taifa namba 5, Uvira mpaka Baraka: iandikwe kwa franka, si kwa ahadi. Mkirudi likizoni tutawauliza: iko ukurasa gani wa bajeti?