Wenye Klabu ni Nani? Mashabiki wa South Sydney na Kura ya Mwaka 2006

Katika semina moja ya uzamili, tulipokuwa tukijadili suala la umiliki wa fasihi simulizi, mwenzangu mmoja alitoa kauli iliyotuvunja mbavu sote: kwamba jamii inazimiliki ngano zake jinsi shabiki anavyoimiliki timu yake, yaani kwa kelele tu. Tulicheka, mhadhiri akatusogeza mbele, na mjadala ukazimika. Mimi sikuweza kuuacha. Ndani ya mzaha ule mlikuwa na dhana nzito, kwamba asiyekuwa na hati wala hisa hana chochote isipokuwa sauti yake. Makala haya yanakusudia kuipinga dhana hiyo, na mfano nitakaoutumia unatoka mbali, mjini Sydney, Australia, katika mchezo ambao wengi wetu tunaujua kwa jina tu.

Raga tuliyoizoea hapa Kenya ni ile ya wachezaji 15 na ile ya wachezaji 7 iliyotupatia sifa ulimwenguni. Ipo raga ya tatu, ya wachezaji 13, ambayo Waingereza waliizua mwaka 1895. Katika miji ya viwanda na machimbo ya makaa kaskazini mwa Uingereza, wachezaji wengi walikuwa vibarua. Aliyecheza Jumamosi alikatwa ujira wa siku hiyo. Klabu zao ziliomba ruhusa ya kuwafidia. Wakuu wa mchezo, wengi wao watu wenye nafasi zao, wakakataa katakata. Klabu za kaskazini zikakutana mjini Huddersfield na kujitenga. Naitaja historia hii kwa sababu moja. Mchezo huu ulizaliwa na swali la fedha, tena fedha za mnyonge, na kwa hiyo anayedai kuwa mashabiki wake wanaupinga utajiri kwa sababu tu hawaelewi mambo ya fedha hajui anachokisema.

Raga hiyo ilipofika Sydney, South Sydney ilikuwa miongoni mwa klabu zilizoasisiwa mwaka 1908, na mwaka huohuo ikatwaa ubingwa wa kwanza. Makao yake ya jadi yalikuwa Redfern, mtaa wa wafanyakazi, wahamiaji na Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi ile. Rangi zake ni nyekundu na kijani. Jina lake la utani, Rabbitohs, husimuliwa kuwa lilitokana na mnadi wa wachuuzi waliopita vichochoroni wakiuza sungura. Kufikia mwaka 1971 klabu hii ilikuwa imeshinda ubingwa mara 20. Kisha ukame ukaingia.

Katika miaka ya 1990 shirika la habari la News Limited, la Rupert Murdoch, liliuvamia mchezo huu kwa ajili ya haki za televisheni. Mwaka 1997 ligi mbili hasimu zilichezwa sambamba. Zilipopatanishwa, mojawapo ya masharti ya mapatano hayo lilikuwa kwamba klabu zipunguzwe hadi 14 ifikapo msimu wa 2000. Baadhi ya klabu kongwe zikakubali kuunganishwa ili zisife: St George na Illawarra, kisha Balmain na Western Suburbs. South Sydney ikakataa kuolewa, na mwezi Oktoba mwaka 1999 ikafukuzwa ligini.

Hapo ndipo wale wenye "kelele tu" walipojitokeza. Maelfu kwa maelfu waliandamana katikati ya mji mwaka 1999, na mwezi Novemba mwaka 2000 wakaandamana tena, safari hii wakikadiriwa kupita 80,000. Wakati huo timu yao ilikuwa haichezi mechi yoyote ya ligi! Walikuwa wakiandamana kwa ajili ya kitu kisichokuwepo, na pengine ndiyo sababu kilirudi. Mwezi Julai mwaka 2001 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua upande wao, na mwaka 2002 South Sydney ikarejea uwanjani. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Australia ikautengua uamuzi ule na kusema kwamba kisheria News Limited haikuwa imekosa. Lakini hakuna aliyethubutu kuifukuza klabu mara ya pili. Msomaji na aangalie kwa makini: mashabiki walishindwa kwa mujibu wa sheria na klabu yao ikabaki.

Hadi hapa kisa ni kitamu, na kingalikoma hapo kingalifaa kusimuliwa kwa watoto. Hakikukoma. Kurejea si kushiba. South Sydney ilishika mkia wa ligi mwaka 2003, ikaushika tena mwaka 2004. Hazina ilikuwa tupu, na mkono mtupu haulambwi. Ndipo wakaja wageni wawili: Russell Crowe, mwigizaji mashuhuri wa filamu aliyekuwa shabiki wa klabu hiyo tangu utotoni, na mfanyabiashara Peter Holmes à Court. Walitaka asilimia 75 ya klabu kwa dola milioni 3 za Australia. Wanachama wangebakia na asilimia 25.

Crowe hakuwa mgeni kamili. Wakati wa yale mapambano ya kurudi ligini alikuwa amenunua, katika mnada wa kuichangia klabu, kengele ya shaba iliyotumiwa kufungulia mchezo huo mwaka 1908, kwa dola 42,000. Mapenzi yake hayakuwa ya kuazima. Hata hivyo, George Piggins, aliyekuwa mchezaji wa klabu hiyo na baadaye mwenyekiti aliyeyaongoza mapambano ya kuirudisha ligini, aliupinga ununuzi ule waziwazi. Kwake yeye na kwa waliomfuata, klabu iliyokombolewa na umati haikupaswa kuwa mali ya watu wawili, hata wakiwa watu wema.

Tarehe 19 Machi 2006 wanachama wakapiga kura. Kizingiti kilikuwa asilimia 75. Waliokubali walikuwa asilimia 75.8.

Nimeisoma takwimu hiyo mara nyingi. Haifiki hata pointi moja nzima juu ya kizingiti. Takriban mtu mmoja katika kila wanne alisema la. Nao walisema la wakiwa na njaa, wakijua kwamba timu yao inashika mkia na kwamba hakuna mnunuzi mwingine mlangoni. Wachambuzi wengi wa michezo huwaeleza watu wa aina hiyo kwa neno moja, "hisia", kana kwamba hisia ni ugonjwa. Mimi naona walikuwa na hoja, na kwamba lugha yetu ya Kiswahili inaweza kuieleza hoja yenyewe kuliko lugha ya wanasheria.

Tuna neno mmiliki, lililotokana na milki, neno la hati na mahakama. Tuna pia kivumishi -enye. Mwenye duka analo duka. Mwenye nyumba anayo nyumba na anaweza kuiuza kesho. Lakini pia tunasema mwenye njaa, mwenye huzuni, mwenye mapenzi. Hakuna aliyeinunua njaa yake wala awezaye kuiuza. Umbo ni lilelile moja, na sarufi yetu haikuona haja ya kutenga kinachomilikiwa na kinachommiliki mtu. Shabiki wa Redfern alikuwa mwenye klabu kwa maana hii ya pili. Ukimwambia kwamba hana hisa, umemwambia kweli, lakini hujamjibu.

Kisha kuna mwenyeji, ambaye aghalabu tunamfafanua kuwa mwenye mji. Watangazaji wetu wa mpira huita timu inayocheza nyumbani "wenyeji", na ni istilahi nzuri ajabu. Sasa mwaka uleule wa 2006 South Sydney ilianza kuchezea mechi zake za nyumbani katika uwanja wa Olimpiki, mbali magharibi mwa jiji, mahali ambapo shabiki wa Redfern hufika kwa safari. Je, hao ni wenyeji wa wapi? (Sisemi kwamba wanunuzi ndio waliouhamisha mji, hata kabla yao klabu haikuwa ikichezea mechi zake za ligi pale Redfern. Nasema tu kwamba neno lilianza kulegea.)

Neno la tatu linanitatiza zaidi. Kitendo kilichofanyika mwaka 2006 sisi tungekiita ubinafsishaji. Mzizi wake ni nafsi, na nduguye wa karibu ni ubinafsi. Mtu akisikia kwamba klabu yake inabinafsishwa, Kiswahili chenyewe kinamnong'oneza kwamba inapewa nafsi ya mtu mmoja, na kwamba hapo pana uchoyo. Wanauchumi wetu wamelitumia neno hili kwa miongo kadhaa kana kwamba halina ladha yoyote. Nashuku kwamba mashabiki waliokataa wangelielewa papo hapo.

Hata hivyo nisiwaonee wale asilimia 75.8. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji alikuwa hoi. Aidha, mgeni alipona naye. Mwaka 2006 timu ilishika mkia tena, lakini mwaka 2007 ikaingia mchujo wa ubingwa kwa mara ya kwanza tangu 1989. Tarehe 5 Oktoba 2014, mbele ya watazamaji zaidi ya 83,000, iliinyuka Canterbury 30 kwa 6 katika fainali. Sam Burgess alivunjika mfupa wa shavu katika mgongano wa kwanza kabisa wa mechi hiyo, akacheza dakika zote zilizosalia, na akatuzwa mchezaji bora wa siku. Miaka 43 ya ukame ikaisha. Kwa watu wengi, kombe lile lilifunga kesi: waliokataa walikosea.

La hasha. Kombe linajibu swali la kama timu itashinda, na hilo silo swali waliloliuliza. Waliuliza ni nani atakayesikilizwa siku ambapo mapenzi ya mnunuzi na mapenzi ya mtaa yatatofautiana. Swali hilo haliwezi kujibiwa na mwaka wa neema. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe: Holmes à Court aliacha uongozi wa klabu mwaka 2008, na mwaka 2014 hisa zake zikaenda kwa bilionea James Packer, mwaka 2020 bilionea mwingine, Mike Cannon-Brookes, akaingia. Huenda hao wote ni watu wema vilevile. Ila aliyepigiwa kura kwa sababu ya kengele ya shaba na mapenzi ya utotoni alikuwa mmoja tu.

Kuna jambo la Crowe ambalo mwanafasihi hawezi kulipita. Baada ya kuinunua klabu alibuni kitabu cha uhasama, kiitwacho Book of Feuds, kinachosimulia mgogoro wa South Sydney na kila klabu pinzani, ili wachezaji wasomewe kisa kinachohusika kabla ya kuingia uwanjani. Nakiri kwamba nilifurahi niliposoma habari hiyo. Huyu ni mmiliki aliyetambua kwamba klabu ni masimulizi kabla ya kuwa kampuni, na kwamba askari huimbiwa kabla ya vita. Lakini visa vile vilikuwa vikisimuliwa wapi kabla ya kufungwa jalada? Katika vilabu vya pombe vya Redfern, kwenye vibaraza, na kwa wazee waliokumbuka nani alimwumiza nani mwaka gani. Ni kisa chetu cha fasihi simulizi chenyewe: mkusanyaji anakuja na kinasa sauti, anakihifadhi kitu kisipotee, na kitabu kikitoka mtambaji hayumo ukurasani. Ndiyo maana nilisema sikuweza kuuacha mjadala ule wa semina.

Jirani zetu wa Tanzania wameshaipitia njia hii. Mwaka 2017 wanachama wa Simba waliridhia klabu yao igeuzwe kampuni, na Mohammed Dewji akajitokeza na shilingi bilioni 20 za Tanzania. Kanuni za nchi ile zikataka wanachama wasipungukiwe na asilimia 51. Ukilinganisha na zile 25 za Sydney, tofauti si ndogo, japo sina hakika kwamba hesabu pekee humpa mwanachama sauti. Hapa kwetu, Gor Mahia na AFC Leopards zimekuwa klabu za wanachama tangu enzi za wazee wetu, na kila msimu wa mishahara iliyochelewa husikika mtu akisema: tafuteni tajiri.

Mimi ningalikuwa Redfern mwaka ule, nadhani ningalipiga kura ya ndiyo. Ningalifanya hivyo kwa sababu ya njaa, na ningalitoka ukumbini nikikwepa macho ya waliokataa.

Juzi nilimsimulia haya yote yule mwenzangu wa semina, ambaye ni shabiki sugu wa AFC Leopards. Alisikiliza kwa subira. Kisha nikamwuliza: ikija siku kama hiyo kwenu Ingwe, wewe utapiga kura gani? Alikaa kimya kitambo, akachezea kikombe chake cha chai, akaniuliza kwanza ni bei gani.