"Ni ya Muda Tu": Neno Linalowadanganya Bi Harusi Wetu



Sisi ni mafundi cherehani wa magauni ya harusi hapa Arusha, na wengi wetu asili yetu ni visiwani. Siku hizi tunaletewa ombi ambalo zamani hatukulijua: gauni liachwe wazi mgongoni, au mikono iwe ya neti nyepesi, ili michoro ya Kijapani ionekane. Joka linalojiviringa kutoka begani hadi kiunoni. Samaki anayepanda maporomoko ya maji. Kinyago chenye pembe. Ukiuliza, jibu ni lile lile: "Ni ya muda tu, dada. Inatoka."

Hilo neno ndilo tunalolipinga leo. Urembo hatuupingi, maana ndio unaotulisha. Ila "ya muda" limekuwa shuka la kufunikia mambo matatu: maana, tohara na ngozi.

Unajua umebeba nini mgongoni?

Michoro hii ina historia yake. Japani ya zamani wahalifu walichorwa alama mwilini kama adhabu. Baadaye, kuanzia mwaka 1827, mchoraji Utagawa Kuniyoshi alitoa picha za mashujaa waliojaa michoro mwilini, na watu wakaiga. Mwaka 1872 serikali yao ikapiga marufuku kuchora mwili, na marufuku hiyo ikaondolewa mwaka 1948. Hata leo mabafu mengi ya umma huko humzuia mtu mwenye michoro asiingie, kwa sababu imehusishwa na magenge ya wahalifu.

Sasa kile kinyago chenye pembe kinaitwa Hannya. Ni sura ya mwanamke aliyegeuka shetani kwa sababu ya wivu. Bi harusi, ndiyo dua unayoingia nayo nyumbani kwa mumeo? Somo wako amekufunda wiki nzima kuhusu subira na kauli njema, halafu unaingia ukumbini na shetani wa wivu mgongoni kwa kuwa kwenye simu alionekana mzuri!

Tuseme haki: hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inayomlaani mwenye kuchanja na mwenye kuchanjwa, inahusu mchoro unaotobolewa kwenye ngozi. Stika haitobolewi, kwa hiyo hatumwambii mtu amelaaniwa. Lakini sura za viumbe vyenye roho maulamaa wengi wamezikataza, na mgongo wazi mbele ya wageni wanaume hauhitaji fatwa mpya.

Na josho?

Stika ya kubandika kwa maji huacha utando mwembamba wa gundi na wino juu ya ngozi. Hina haiachi utando. Ukishaibandua, inabaki rangi tu iliyonywewa na ngozi, na maji yanapita. Ndiyo maana bibi zetu walitia hina na wakaswali nayo.

Mtu atasema mgongo hauoshwi kwenye udhu. Ni kweli, ila mkono unaoshwa mpaka kiwiko, na josho la janaba ni la mwili mzima. Kinachozuia maji lazima kitolewe kwanza. Bi harusi aliyelipia joka la wiki nzima ataswalije Alfajiri ya kwanza ya ndoa yake? Ama alisugue hela yake iende na maji, ama aache josho lake na shaka. Aliyemuuzia hakumwambia hilo.

Ngozi haijui "muda"

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Michoro ya Kijapani inataka mstari mweusi tii. Hina halisi haitoi weusi huo. Huanza rangi ya chungwa, kisha baada ya siku moja au mbili hukolea kuwa hudhurungi. Tena hina hupenda joto. Huku kwetu, mwezi wa sita na wa saba Mlima Meru ukijifunika mawingu, inashika taratibu. Bi harusi ana haraka, mpambaji ana foleni, mkono unakimbilia piko.

Piko hilo ni rangi ya nywele, na weusi wake hutokana na kemikali iitwayo PPD. Ulaya na Marekani sheria zinairuhusu kwenye rangi ya nywele, na zinakataza kupakwa kwenye ngozi. Madhara yake mara nyingi hayaonekani siku hiyo hiyo. Huja baada ya siku kadhaa: muwasho, uvimbe, malengelenge yanayofuata mstari wa mchoro.

Tulimpima bi harusi mmoja siku mbili kabla ya harusi, hakuweza kuvumilia kitambaa kimguse bega. Malengelenge yalikuwa na umbo la joka. Tukakesha tukimshonea mtandio wa kufunika. Harusi ilipita, kovu lipo.

Na ngozi ikishaikataa PPD, huikataa maisha. Mwanamke huyo akija kupaka rangi nywele zake anaweza kuvimba uso mzima. Hata baadhi ya rangi za vitambaa vyeusi vya polista zinaweza kumwasha, na sisi washona mabuibui tunajua maana yake. Hiyo ndiyo "ya muda"?

Tunachotaka

Bi harusi, uliza kilichomo. Kikiwa cheusi ndani ya saa moja, si hina tupu, kikatae. Tia hina halisi siku mbili kabla, changanya na mafuta ya karafuu ya kwetu, iache saa sita au zaidi, kaa mahali pa joto. Ukipenda mtindo wa Kijapani, chukua mawimbi na maua yao, hata uchanganye na waridi za Usa River. Mpambaji hodari atakuchorea kwa hina ukapendeza.

Ngozi ikivimba, nenda hospitali. Usipake ndimu wala dawa ya jirani.

Wapambaji, hatuwachukii, nanyi mnatafuta riziki kama sisi. Lakini pakiti isiyo na maelezo msiiweke juu ya mtoto wa mwenzenu. Mama na masomo, msinyamaze kwa kuogopa kuitwa washamba. Na sisi mafundi tumeshakubaliana: gauni la kuonyesha Hannya hatukati. Mteja akienda kwingine, riziki ni ya Mwenyezi Mungu.

Allah awajaalie bi harusi wetu ndoa zenye heri, na ngozi zenye salama. Aamin.