Stara si pazia la dhalimu

Msomaji mwenzangu, siri ya mtungi aijuaye kata. Neno hili twalipenda sana huku kwetu pwani, na mara nyingi twalitumia kufungia mlango: ya ndani ni ya ndani, ayajuaye ni kata, na kata haina mdomo. Leo nataka kuuliza swali moja tu. Kata ikivunjikia ndani ya mtungi, ni nani atakayejua?

Kilichonisukuma kushika kalamu ni mchezo wa televisheni wa Kimarekani uitwao Big Little Lies. Si mpya. Ulionyeshwa mara ya kwanza mwezi wa Februari 2017, ukarejea kwa mkururo wa pili mwaka 2019, na asili yake ni riwaya ya mwandishi wa Australia, Liane Moriarty, iliyotoka mwaka 2014. Vijana wengi majumbani mwenu waliumaliza zamani. Mimi niliutazama Kiminini, mji mdogo ulio kwenye barabara itokayo Kitale kwenda Webuye na Bungoma, nilipokwenda kumjulia hali mpwa wangu aliyeolewa huko. Ile ni nchi ya mahindi, na jua likitua baridi yake humfanya mtu wa Mombasa atafute blanketi mapema. Mpwa wangu ana televisheni, na majirani zake, akina mama wa Kibukusu na wengineo, huja kuketi kwake jioni na leso zao mabegani.

Kisa chaanza na maiti. Ni usiku wa karamu ya skuli katika mji wa Monterey, ufuoni California, na mtu amekufa. Hatuambiwi ni nani aliyekufa wala ni nani aliyemuua, na hilo ndilo fumbo la kutuvuta kwa sehemu 7. Kisha twarudishwa nyuma, tukaonyeshwa wanawake wa mji ule mmoja mmoja. Yuko Celeste, aliyeigizwa na Nicole Kidman, mwanasheria aliyeacha kazi ili alee watoto wake pacha. Nyumba yake yatazama bahari, mumewe ni kijana mzuri mwenye fedha, na marafiki wake wote wamwonea wivu. Mume huyo humpiga. Humpiga, kisha humletea zawadi; naye hujipaka poda penye alama, akavaa mikono mirefu, akatoka kwenda kucheka na wenzake.

Nyumba njema si mlango, walisema wazee. Lakini sikilizeni yaliyotokea pale barazani Kiminini. Mume yule hajaonyeshwa bado akiinua mkono, na mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa amenyamaza tangu tuketi, akasema polepole, "Huyo anapigwa."

Nikamwuliza, "Mama, wewe wajuaje?"

Akanijibu, "Mzee, tazama vile anashika mkono wake."

Hakuna aliyeshangaa. Mmoja aliguna, mwingine akaendelea kuchambua maharagwe yake kwenye ungo. Tangu hapo hakuna aliyejishughulisha tena na fumbo la maiti, ambalo watunzi wa Hollywood walilitolea jasho. Kwao fumbo lilikuwa limekwisha. Mimi niliyesoma vyuoni na kuandika magazetini miaka mingi ndiye niliyekuwa nyuma.

Twaweza kuwauliza wenye kuhesabu. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2022 kuhusu afya na hali za watu wa Kenya ulikuta kwamba wanawake 34 katika kila 100 walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwilini tangu kutimiza miaka 15. Kaunti ya Bungoma, jirani wa Kiminini, iliongoza nchi nzima kwa 62 katika kila 100. Najua wako watakaoitazama tarakimu hiyo na kusema, "Hayo ni mambo ya bara." Nami nawaomba wangoje kidogo. Tarakimu hii ni ya waliofungua kinywa mbele ya mgeni mwenye karatasi. Kaunti yenye hesabu ndogo huenda ikawa na amani zaidi, na huenda ikawa na pazia zito zaidi. Mimi nikiziona hesabu ndogo sikimbilii kupiga vigelegele.

Na kwa wale wanaodhani kwamba mambo haya hubaki siri kwa sababu wanawake hawasemi, karibu na huko huko Kiminini, katika kaunti ile ile ya Trans Nzoia, kuna kisa ambacho hakikufichwa. Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda, alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris mwezi wa Agosti 2024. Alikuwa amenunua ardhi Trans Nzoia na kujenga nyumba ili awe karibu na mahali pa mazoezi. Tarehe 1 Septemba, siku ya Jumapili, mwanamume aliyewahi kuwa mwenziwe, Dickson Ndiema Marangach, alimmwagia petroli na kumtia moto. Alikufa tarehe 5 katika hospitali ya Eldoret. Mwanamume naye, aliyeungua katika moto ule ule, akafa siku chache baadaye. Ugomvi ulikuwa juu ya ile ardhi, nao ulijulikana. Aila yake ilisema kwamba habari zilikuwa zimefikishwa kwa polisi. Bibi huyu alikuwa na jina, alikuwa na fedha zake, alikuwa na nyumba yake, na alisema. Wa kumsikia ndio waliokosekana.

Sasa nirudi kwetu, maana rahisi sana kulilia ya Kitale na kuyaacha ya Kibokoni. Sisi twalo neno stara, na ni neno tukufu. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba mwenye kumsitiri nduguye, Mwenyezi Mungu atamsitiri. Lakini asitiriwe nani? Mja aliyeteleza na kujuta, ndiye. Sikupata kumsikia maalimu yeyote akifundisha kwamba mwenye kuvunja meno ya mkewe asitiriwe ili apate kuyavunja yaliyobaki. Sura ya Nisaa, aya ya 148, maana yake ni kwamba Mola hapendi maovu yatangazwe, kisha ikamtoa mmoja katika katazo hilo: aliyedhulumiwa. Na iko sura nzima, ya 58, iliyopewa jina la mwanamke aliyekwenda kujadiliana na Mtume (s.a.w.) juu ya mumewe. Wafasiri wamtaja kwa jina, Khawla binti Thaalaba. Hakuambiwa arudi nyumbani akavumilie. Malalamiko yake yalisikiwa juu ya mbingu saba, na hukumu ikateremka.

Binti zetu twawafundisha nini? Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumuusia bintiye juu ya dini na haki za mume. Ni kazi kubwa, nami naiheshimu kama mtunzi amheshimuvyo mwalimu wake. Ila miaka yangu yote ya kuhudhuria harusi sijasikia bwana harusi akikalishwa na somo usiku kucha kufundishwa haki za mke. Yeye huoshwa, hufukizwa udi na kusindikizwa kwa dufu.

Mwanachuoni wa Kimarekani, Susan Hirsch, alikaa katika mahakama za Kadhi za pwani yetu miaka ya themanini akisikiliza kesi za mume na mke, akatoa kitabu mwaka 1998. Aliwakuta wanawake ndio waletao kesi nyingi, na mara nyingi ndio washindao. Lakini alikuta pia kwamba mwanamke kusimama mbele ya Kadhi na kusimulia kwaonekana ni kutoa siri za nyumba, jambo la kumpunguzia heshima. Basi haki aipata, na jina alilipoteza njiani. Hilo si kosa la Kadhi. Ni letu sisi tunaokaa barazani tukinong'ona apitapo.

Katika ule mchezo Celeste humwendea mshauri, naye humwambia mambo mawili ya busara: kodi nyumba, uijaze chakula, iwe tayari siku ya kuondoka; na umwambie rafiki mmoja, ili apatikane shahidi. Akina mama wa Kiminini walicheka kwa lile la kwanza. Kodi kwa fedha za nani? La pili halikuwachekesha. Celeste alichelewa, na mwisho mume anakufa kwa kusukumwa ngazini na mmoja wa wanawake wale, akimwokoa mwenziwe. Wote watano wakaapa kwamba alianguka mwenyewe. Mkururo wa pili waonyesha uongo ule ukiwatafuna hadi wanaingia kituo cha polisi pamoja. Mimi siutetei uongo. Nasema tu kwamba ukweli uliosemwa mapema usingehitaji maiti.

Tangu mwaka 2015 Kenya ina sheria ya kumkinga mtu na ukatili wa nyumbani, na mahakama yaweza kumzuia mpigaji asimkaribie mpigwaji. Nayo Kurani imeagiza hakamu wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Wazee wa mtaa mwaijua aya hiyo kwa moyo. Basi hakamu wa mke asiwe mtu wa kuletwa ili kumrudisha kwa mumewe kabla hajakaa kitako akasikilizwa.

Na ile nyumba ya kukodi, sisi twaweza kuwa nayo bila kodi. Namjua mzee mmoja mjini aliyeozesha binti wanne. Kila mara, baada ya kuozesha na kabla ya kula pilau, alimwita bintiye kando akamwonyesha ufunguo wa chumba chake cha usichana, akamwambia, "Hiki sikipangishi." Majirani walimsema kwamba ana kisirani, ati aombea talaka siku ya ndoa. Watatu wako kwa waume zao na wanaishi kwa raha. Wa nne alirudi usiku mmoja na mtoto mgongoni, akafunguliwa bila kuulizwa neno mpaka asubuhi.