Shida Si Saa Kumi na Moja Asubuhi

Nimechoka na ile orodha. Mnaijua. Msichana akisema tu anataka kuanza kukimbia, kabla hajafunga kamba za viatu ashapewa masharti: usitoke kukiwa na giza, usiende peke yako, usivae kaptura, usiskize muziki, badilisha njia kila siku, tafuta kaka yako akusindikize. Kijana wa kiume akisema maneno yale yale anajibiwa, "Poa, tupatane stage."

Hiyo orodha inaitwa usalama. Mimi naiita kazi ya ziada tunayopewa wasichana ili wengine wasifanye kazi yao.

Tuanze na saa. Hapa Pap Onditi, kama kwingine karibu na ikweta, jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama karibu saa hiyo hiyo jioni, Januari mpaka Desemba. Msichana anayefungua duka saa moja atakimbia saa ngapi? Saa sita mchana? Mtu anayejua jua la Nyakach ya chini hawezi kukwambia hivyo na akupende. Kwa hivyo "kimbia mchana" kwetu ni njia ya adabu ya kusema "usikimbie."

Na mchana wenyewe haulindi mtu. Tarehe 12 Januari 2022, Ashling Murphy, mwalimu wa miaka 23, aliuawa akiwa mazoezini kando ya mfereji mjini Tullamore, Ayalandi. Ilikuwa alasiri, kwenye njia ambayo watu hupita.

Sasa rudi karibu na nyumbani. Tarehe 12 Septemba 2021, Agnes Tirop alikimbia kilomita 10 kwa dakika 30 na sekunde 1 kule Herzogenaurach, Ujerumani, rekodi ya dunia ya mbio za wanawake pekee. Tarehe 13 Oktoba, mwezi mmoja tu baadaye, alikutwa amedungwa kisu nyumbani kwake Iten. Alikuwa na miaka 25. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji, akakana.

Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia maratoni ya Olimpiki kule Paris tarehe 11 Agosti 2024. Tarehe 1 Septemba alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Endebess, Trans Nzoia. Alifariki hospitalini Eldoret siku nne baadaye. Ugomvi uliotajwa ulikuwa wa kipande cha ardhi, na mtuhumiwa alikuwa mwanamume aliyekuwa mpenzi wake.

Soma tena uone ilitokea wapi. Nyumbani. Hapo kaptura inaingia wapi? Hawa wawili walikuwa na mbio kuliko sisi sote tukijumlishwa, na mbio hazikuwasaidia, kwa sababu huwezi kumkimbia mtu anayejua mlango wako.

Wenzake Tirop, kina Joan Chelimo na Viola Cheptoo, walianzisha Tirop's Angels baada ya kifo chake, na wamesema wazi jinsi hii maneno huanza. Inaanza mapema, na mwanamume anayejiita kocha. Anakununulia viatu. Halafu anashika ratiba yako, halafu simu, halafu pesa. Siku ukisema sasa natosha mwenyewe, anakuona mwizi wa mali yake.

Utasema hiyo ni stori ya wenye dola, sisi tunakimbia kilomita tano tupunguze tumbo. Sawa. Lakini angalia vikundi vyetu. Kimoja nilichokuwa nacho, mtu mmoja ndiye alikuwa na namba zetu zote. Yeye ndiye aligawa viatu vya mitumba, yeye ndiye alishika nauli, yeye ndiye aliamua nani anaenda mashindano Kisumu. Msichana mmoja alikataa kujibu meseji zake za saa tano usiku. Orodha ya mashindano ilipotoka, jina lake halikuwepo. Tulipouliza, tukaambiwa nidhamu yake imeshuka. Wasichana tulikuwa tisa, tukabaki watatu, na watu wakaanza kusema ati wasichana hawana uvumilivu.

Uvumilivu wa nini, omera?

Hiyo tabia ina jina kwenye sheria. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, kifungu cha 23, inasema mtu mwenye mamlaka akiendelea kukusumbua kimapenzi na anajua hutaki, ni kosa. Adhabu si chini ya miaka mitatu jela, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au zote mbili. Si "utani." Si "anakupenda tu."

Kwa hivyo nataka orodha nyingine, na hii si ya wasichana. Kikundi chochote kiwe na viongozi wawili au zaidi, na mmoja awe mwanamke mwenye sauti, si wa kubeba maji. Nauli na viatu viandikwe, kila mtu aone. Meseji za mazoezi ziende kwa grupu, si kwa mtu mmoja mmoja usiku. Asubuhi awepo mtu wa kufunga mstari, ili anayechoka asiachwe barabarani peke yake. Na malalamiko yasipelekwe kwa rafiki wa anayelalamikiwa.

Vijana wa kiume, yenu ni rahisi zaidi. Jamaa wa boda akipunguza mwendo na kumfuata msichana mita mia mbili kwenye barabara ya Katito akimuuliza anaenda wapi, nyinyi mnamjua. Mnakunywa chai naye. Usicheke. Mwambie, "Achana na yeye, apite." Neno lako hapo stage lina nguvu kuliko kaka kumi wa kusindikiza.

Najua jibu linalokuja: mtafukuza makocha wanaojitolea. Kocha anayekimbia kwa sababu ameambiwa aandike pesa ya viatu, mwacheni aende. Anayejitolea kweli atafurahi, maana hata yeye analindwa asisingiziwe. Na si wanaume wote, najua pia. Basi hao wazuri ndio watakaokuwa wa kwanza kukubali masharti haya.

Kama kuna mtu anakusumbua, kwa kikundi au nyumbani, piga 1195, ni bure. Chini ya miaka 18, piga 116. Weka zile meseji, usifute.

Pap kwa Dholuo ni uwanja, mahali wazi pa watu wote. Tupeleke hii orodha kwa kila kikundi kinachokimbia hapa, kiongozi aisome mbele ya watu, aseme anakubali au anakataa. Akikataa, angalau tutajua mapema.