Kwa Nini Sindano ya Pili ya Surua?

Siku ya kliniki hapa Chiwata hatukosi kuulizwa swali hili. Juzi mama mmoja, kambeba mtoto wake mgongoni, alituuliza: "Dada, si alichomwa ya surua akiwa na miezi tisa? Leo tena ya nini?" Kadi yake ilikuwa safi, hakuna tarehe iliyorukwa. Aliuliza kwa haki.

Tulimjibu kwa mikorosho. Mkulima asiyewahi kuona ubwiriunga hupoteza siku nyingi akijiuliza ni kitu gani, na huku maua yanakauka. Msimu unaofuata, akiona unga mweupe kwenye vichipukizi tu, anatafuta salfa. Chembe nyeupe za damu nazo ziko hivyo. Zile ambazo hazijakutana na surua, zinazoweza kuitambua ni chache mno, nazo huhitaji wiki moja au zaidi ili kuzaana na kutosha vitani. Wakati huo ugonjwa umeshaenea. Vita vikiisha nyingi hufa, lakini baadhi hubaki kuwa chembe za kumbukumbu. Hizo, adui akirudi, huamka ndani ya siku chache, mara nyingi kabla mama hajaona hata homa.

Kumbukumbu hiyo haichakai upesi. Mwaka 1846 surua ilirudi katika visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Ulaya, baada ya miaka 65. Wazee waliougua mwaka 1781 hawakuugua tena!

Chanjo hutoa somo hilo bila ugonjwa wenyewe. Ila kwenye miezi tisa, watoto kama 15 kati ya 100 somo haliwaingii, mara nyingi kwa sababu kinga waliyopewa na mama tumboni bado ipo, nayo huizima chanjo. Kwa macho hatuwezi kuwatambua. Ndiyo maana tangu mwaka 2014 watoto wa Tanzania huchanjwa tena wakiwa na miezi 18.

Wako wanaosema afadhali mtoto augue mwenyewe. Hatukubaliani nao hata kidogo. Uchunguzi wa mwaka 2019 kwa watoto wa Uholanzi wasiochanjwa ulionyesha kuwa surua iliwafutia kati ya asilimia 11 na 73 ya kinga dhidi ya magonjwa mengine. Hushambulia chembe zile zile za kumbukumbu, na aliyepona huanza kujifunza upya.

Mama yule alimfungua mtoto mgongoni, akatushikia mkono wake. Mtoto alilia kidogo, akanyonya, akanyamaza.