Mwanamichezo nyota na taifa lake: nani anamdai nani?

Tangu Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni mjini Tokyo, Septemba 15, 2025, kuna swali ambalo halikatiki vibarazani huku kwetu Mponde, na baadhi ya wasomaji wetu wametuletea pia. Je, mtu aliyejaaliwa kipaji cha michezo analazimika kuiwakilisha nchi yake? Akikataa, au akienda kukimbilia nchi nyingine kwa malipo, amekosa jambo gani hasa?

Tuseme mapema kwamba hii si fatwa. Masheikh wetu wana nafasi yao na hatuwaingilii. Huu ni uchambuzi, ingawa tutaazima maneno mawili matatu ya fiqhi kwa kuwa yanasaidia kupanga fikra. Kuna kilicho wajibu, na kuna kilicho ihsani. Mjadala wetu mwingi kuhusu wanamichezo unavurugika kwa sababu tunadai ihsani kwa sauti ya wajibu.

Kwanza hesabu, maana jambo hili hujadiliwa zaidi kwa hisia. Mkimbiaji wa marathoni wa kiwango cha dunia hushindana mara mbili kwa mwaka, pengine tatu. Mwili haukubali zaidi. Aprili 2025 Simbu alishika nafasi ya pili Boston, na zawadi ya nafasi hiyo ni dola 75,000. Tokyo alikuwa wa kwanza duniani, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03, wote wawili wakiandikiwa saa 2:09:48. Zawadi ya dhahabu hiyo ilikuwa dola 70,000. Yaani kuwa wa pili katika mji mmoja wa Marekani kunalipa kuliko kuwa bingwa wa dunia nzima. Na hapo hatujagusa fedha ambazo waandaaji wa mbio kubwa za miji huwalipa nyota ili tu wakubali kuja. Anayejiandaa kwa Septemba amejinyima Chicago na New York za Oktoba na Novemba. Kwa hiyo anayesema "aende tu, si nchi yake?" ajue kwamba anamwomba mtu atoe kitu mfukoni mwake.

Simbu alitoa. Lakini tusisahau kwamba Simbu ni askari wa JWTZ, kama alivyokuwa Juma Ikangaa kabla yake, yule aliyeshika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na kushinda New York mwaka 1989. Jeshi linapomwajiri mkimbiaji, linampa mshahara na nafasi ya kufanya mazoezi. Hapo kuna makubaliano, na dini yetu imesisitiza sana kutekeleza makubaliano. Aliyelelewa na taasisi ya umma kwa masharti anayoyajua, kisha akaitwa, huyo ana wajibu. Hatuoni utata wowote.

Utata unaanza kwa yule ambaye hakulelewa na mtu.

Ligi za mchangani za huku milimani zinatufundisha kitu hapa. Kijiji kikiingia fainali, mara utaona sura ngeni uwanjani: kijana aliyeletwa kwa bodaboda kutoka Soni au Korogwe, kalipwa nauli na cha juu, kavaa jezi ya kijiji asichokijua. Watu humwita mamluki. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni anayemilikiwa. Ajabu ni kwamba tunamwita hivyo yule aliyejiamulia mwenyewe wapi acheze, na hatumwiti hivyo yule ambaye kijiji kinadhani miguu yake ni mali ya kijiji.

Mamluki aliyezungumzwa zaidi Afrika Mashariki ni Stephen Cherono wa Kenya. Mwaka 2003 alichukua uraia wa Qatar na jina la Saif Saaeed Shaheen, na mwezi huo huo wa Agosti akashinda mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika mashindano ya dunia mjini Paris, akimwacha Mkenya Ezekiel Kemboi nafasi ya pili. Ndugu yake, Abraham Cherono, alikuwa katika mbio hizo hizo na jezi ya Kenya, na iliripotiwa kuwa hakumpa hata mkono wa pongezi. Iliripotiwa pia kuwa ahadi ya Qatar ilikuwa dola 1,000 kila mwezi kwa maisha yake yote. Kwa kijana wa kijijini hiyo si fedha ya kiburi. Ni pensheni, kitu ambacho baba zetu wengi wakulima hawajawahi kukiona.

Baadhi ya Waislamu walifurahia lile jina jipya. Sisi tunaomba tahadhari. Imani ya mtu anaijua Mola wake na hatuna la kusema juu yake, lakini jina likiandikwa kwenye pasi ya kusafiria wiki chache kabla ya mashindano, kilichofanyika ni shughuli ya ofisi. Tusiihesabu kama ushindi wa dini.

Kenya ilijibu kwa njia iliyokuwa mikononi mwake. Kanuni zilitaka aliyebadili nchi asubiri miaka mitatu kabla ya Olimpiki isipokuwa nchi yake ya zamani imsamehe, na Kenya haikumsamehe. Shaheen akakosa Athens 2004. Nini kilitokea huko? Kemboi, Brimin Kipruto na Paul Kipsiele Koech walichukua dhahabu, fedha na shaba, zote za Kenya. Siku chache baadaye, Septemba 3, Shaheen akaweka rekodi ya dunia mjini Brussels, dakika 7:53.63, iliyodumu hadi mwaka 2023. Olimpiki hakuikimbia kamwe.

Wanafiqhi wana istilahi ya fardhi kifaya: jambo ambalo wakilitekeleza wanaotosha, wengine huondokewa na lawama. Mbio si ibada na tunaitumia kama mfano tu, lakini mfano unakaa. Kenya haikupungukiwa hata medali moja katika mbio zile. Kumzuia mtu mmoja asikimbie kwa ajili ya wengine, wakati nyumba yako imejaa, kunakaribia kulipiza kisasi kuliko kudai haki.

Hata hivyo hatutaki kijana yeyote asome hapa kwamba njia ya Ghuba ni nyepesi. Leonard Mucheru, Mkenya mwingine, alichukua uraia wa Bahrain na kuitwa Mushir Salem Jawher. Januari 2007 alikwenda kukimbia marathoni ya Tiberias, Israel, akashinda. Bahrain ikatangaza kumvua uraia. Kila mmoja wetu ana msimamo wake kuhusu Israel, na msimamo wa waandishi wa safu hii unajulikana. Tazama jambo lenyewe lakini. Raia wa kuzaliwa akiudhi serikali yake hukemewa, hufungiwa mashindano, hukosa kuitwa timu. Huyu aliyeandikwa kwa ajili ya miguu yake alivuliwa utaifa mzima. Uraia ulionunuliwa unaweza kurudishwa dukani, na anayeurudisha ni mnunuzi. Hali hiyo ndiyo iliyofanya shirikisho la riadha la dunia lisimamishe uhamisho wote mwaka 2017, na mwaka uliofuata kuweka kanuni kali zaidi: kusubiri miaka mitatu, kuhama mara moja tu, na asihame aliye chini ya miaka 20.

Wala si kila anayebadili bendera ni wa biashara. Petros aliyepitwa na Simbu mstarini alizaliwa Eritrea na kufika Ujerumani akiwa kijana mkimbizi. Huyo anaikimbilia nchi iliyompokea. Tukimweka kapu moja na Shaheen tunamdhulumu.

Sasa upande wa pili, ambao viongozi wa michezo hawapendi kuugusa. Nchi nayo ina wajibu gani? Mwaka 2016 Wakenya walikwenda Rio, na vifaa vya timu vikaishia mikononi mwa watu wasiostahili. Julius Yego, mrushaji mkuki aliyejifundisha kwa kutazama video za intaneti, iliripotiwa alifika uwanja wa ndege akakuta hana tiketi. Alirudi na medali ya fedha. Miaka mitano baadaye aliyekuwa Waziri wa Michezo na aliyekuwa mkuu wa msafara walitiwa hatiani mahakamani kwa yaliyotokea katika safari ile. Ni nani aliyemsaliti mwenzake pale? Mafundisho tuliyolelewa nayo ni kwamba kibarua alipwe kabla jasho halijakauka. Afisa anayemhubiria mkimbiaji uzalendo huku posho yake imekwama mezani amegeuza utaratibu.

Na sisi Watanzania tuna mfano mkubwa kuliko wote, tena wa kinyume: mwanamichezo aliyetaka kwenda na nchi ikasema hapana. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch, Februari 2, 1974, kwa dakika 3:32.16, John Walker wa New Zealand akimfukuzia nyuma. Dunia nzima ikasubiri wakutane tena Montreal 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, kamati ya Olimpiki ikakataa kuitoa New Zealand, na zaidi ya nchi 20 za Afrika zikasusia, Tanzania ikiwa mstari wa mbele. Walker alichukua dhahabu. Bayi alikuwa nyumbani.

Tunaamini uamuzi ule ulikuwa wa haki. Ubaguzi wa rangi ulikuwa dhulma ya wazi, na kukataa kucheza na anayeshirikiana na dhulma kuna thamani kuliko medali. Lakini mswada wa haki ile walilipa vijana wachache kwa niaba yetu sote, na umri wa mwanariadha hausubiri. Miaka minne baadaye Bayi alipata fedha Moscow, katika mbio za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui fedha ya mita 5,000. Hadi leo hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki za Tanzania. Taifa lililowahi kumwambia bingwa "kaa nyumbani kwa ajili yetu" linaposema kwamba bingwa analidai fadhila, tunaona mizani ina kasoro. Kwa Bayi, mdaiwa ni taifa.

Kwenye mpira mambo yako wazi zaidi kwa sababu yameandikwa. Kanuni za FIFA zinamtaka mchezaji aitikie anapoitwa na chama cha nchi yake, na klabu imwachie katika siku za kalenda ya kimataifa. Asipokwenda, haruhusiwi kuichezea klabu katika siku hizo na siku tano za ziada. Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala aliyepita Simba na TP Mazembe hadi Genk na Aston Villa, amebeba kitambaa cha unahodha wa Taifa Stars kwa miaka mingi. Anayemzomea kwa kukosa bao akumbuke kwamba nyota anaweza kuandika barua ya kustaafu timu ya taifa siku yoyote, na vyama vya mpira kwa kawaida huikubali. Anapoendelea kuja, kanuni ni sehemu tu ya sababu. Iliyobaki ni ihsani, na ihsani hujibiwa kwa adabu.

Hapa Mponde tuna kipimo chetu. Kiwanda cha chai kilifungwa mwaka 2013 baada ya mgogoro wa wakulima na mwekezaji, na miaka ikapita mashine zimelala. Michai isiyochumwa ikarefuka ikawa miti. Waliokwenda kutafuta vibarua Tanga na Dar es Salaam hatukuwaita wasaliti wa mlima. Tulijua hakuna aliyenunua majani yao. Kijana anayepandisha kilima cha shule kila asubuhi akakuta wilaya nzima haina kocha wa riadha anayelipwa, akija kupata wakala wa kumlipa, kwa hoja ipi tutamwita msaliti?

Ila wazazi wamwambie na hili, kwa kuwa mawakala hawalisemi. Sheria ya uraia ya Tanzania, tofauti na ya Kenya tangu katiba ya 2010, haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Siku anapopokea pasi ya Doha au Manama anapoteza ya Tanzania. Na Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Hadhi maalumu inayowekwa sasa kwa wenye asili ya Tanzania inakuja na masharti yake, haimrudishii mtu uraia. Kwa hiyo lile shamba la ukoo la robo ekari ya chai, lililogawanywa kwa mirathi tangu kwa babu, linaweza kumpita akiwa hai. Namna sheria hiyo inavyokutana na haki yake ya mirathi ni swali ambalo tumelipeleka kwa masheikh, na jibu lao tutalichapisha likifika, inshaAllah. Wakati huo, kabla ya kijana kutia saini popote, mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya baba na mama yake, na ukurasa unaosema atarudije nyumbani usomwe mara mbili.